Dakika Mbili Juani: Uchambuzi wa Kisa cha Chumba cha Picha za Wanaume wa Uskoti

Kisa hiki ni cha maonyesho madogo ya picha yaliyoandaliwa na kikundi cha kujitolea katika mji mmoja wa pwani ya mashariki ya Uskoti. Mji, ukumbi, mwaka na majina ya wenzangu nimeviondoa. Wachoraji, wapiga picha na watu waliopigwa picha karne ya 19 nimewaacha na majina yao, kwa kuwa ni watu wa historia na bila wao hakuna kisa. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi za ukutani. Kosa kubwa la kwanza lilikuwa langu, kwa hiyo naona ni haki nilisimulie mwenyewe.

## Usuli

Tulikuwa watano: mratibu, ambaye ndiye aliyeomba chumba na kulipia uchapaji, mwanafunzi wa historia ya sanaa, mpiga picha mstaafu, ambaye nitamwita Mzee, mama mmoja ambaye babu zake walikuwa wavuvi wa ghuba ya Forth, na mimi, mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, niliyelelewa nyuma ya pazia la studio ya picha ya baba mdogo. Chumba tulipewa kwa wiki sita. Mada ilikuwa umbo la mwanaume katika sanaa ya Uskoti, tangu picha za rangi za miaka ya 1790 hadi kamera za kwanza za miaka ya 1840.

Picha ya asili hatukuwa nayo hata moja. Chapa za zamani kiasi hicho hufifia zikikaa kwenye mwanga, na taasisi zinazozitunza, kama Matunzio ya Kitaifa ya Uskoti na maktaba ya Chuo Kikuu cha Glasgow, haziwezi kuzikabidhi kwa chumba chenye madirisha makubwa na kufuli moja. Tulichapisha nakala.

Ukuta wa kwanza ulikuwa wa rangi ya mafuta. Tuliweka Alastair Macdonell wa Glengarry, aliyechorwa na Henry Raeburn mwaka 1812, amesimama na bunduki yake katika mavazi kamili ya Nyanda za Juu. Tuliweka Mchungaji Robert Walker akiteleza juu ya barafu ya ziwa la Duddingston, mikono kifuani, mguu mmoja hewani, picha ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Raeburn ingawa wapo wataalamu waliolitilia shaka hilo. Na tuliweka Mfalme George IV wa David Wilkie. Mfalme huyu alizuru Edinburgh Agosti 1822 akavaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, pamoja na soksi ndefu za waridi zilizobana miguu. Wilkie alipomaliza picha mwaka 1829, soksi zilikuwa zimetoweka na kitambi kimepungua. Tulicheka sana. Leo nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza, maana tulitoka kwenye ukuta wa kwanza tukiamini kwamba mchoraji hudanganya, na kwa hiyo atakayemfuata hatadanganya.

Aliyemfuata alikuwa kamera. Tarehe 18 Mei 1843, katika Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti mjini Edinburgh, kundi kubwa la wachungaji liliinuka likatoka nje. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kumweka mchungaji katika parokia, mwenye ardhi au waumini. Zaidi ya 450 walijitenga na kuunda Kanisa Huru, na kwa kutia saini hati ya kujitenga waliacha mshahara na nyumba. Mchoraji David Octavius Hill aliguswa, akaazimia kuwachora wote katika turubai moja. Angepataje nyuso mamia kabla hawajatawanyika kurudi vijijini? Mwanafizikia David Brewster wa St Andrews alimshauri atumie sanaa mpya, akamkutanisha na Robert Adamson, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua studio katika Rock House, kilima cha Calton. Adamson alitumia kalotaipi, njia ya William Henry Fox Talbot ya kupiga picha juu ya karatasi. Talbot alikuwa ameisajili England mwaka 1841 lakini si Uskoti, hivyo Adamson hakudaiwa ada.

Picha za wachungaji hao zilikuwa ukuta wetu wa pili. Wa tatu ulikuwa wa wavuvi wa Newhaven, kijiji cha pwani kaskazini tu mwa Edinburgh, ambako Hill na Adamson walipiga mfululizo wa picha za wanaume, wanawake na watoto. Kwa pamoja walifanya kazi kama miaka minne na nusu wakaacha picha zipatazo 3,000. Adamson alifariki Januari 1848 akiwa na miaka 26. Turubai la Hill lilimalizika mwaka 1866, miaka 23 baada ya siku yenyewe, likiwa na watu 457. Hill alijitia humo yeye mwenyewe, na Adamson pamoja na kamera yake.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mratibu alipanga kuta kwa miaka na kuzipa vichwa. Wa kwanza: "Walivyojipamba". Wa pili: "Walivyojitoa". Wa tatu: "Walivyo". Hakuna aliyepinga. Vilisikika vizuri masikioni, na vichwa vitatu vinavyolingana vina ulevi wake.

Mimi nikaandika kadi. Picha kuu ya ukuta wa tatu ilikuwa ya mvuvi aitwaye Linton, ambayo hujulikana kwa mashua yake na watoto wake. Ameegemea ubavu wa mashua, na wavulana wako karibu naye. Niliandika hivi: "Uso huu haukuchongwa na msanii bali na chumvi na upepo. Mtu huyu hapigi pozi. Hana cha kumwonyesha mtu." Nilijivunia sentensi hizo. Kadi za wavuvi wengine nilizijaza maneno ya namna hiyohiyo: ukimya, ugumu, ustahimilivu. Wengi wao kadi ziliwaita "mvuvi, Newhaven" na basi. Wachungaji wote walikuwa na majina.

Bango la mlangoni lilitokana na picha hiyohiyo ya Linton. Mratibu alitaka mwanaume mmoja, mkubwa, anayeonekana toka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo alikata watoto.

Siku ya kufungua, Mzee, aliyekuwa mgonjwa wiki nzima ya kutundika, alifika na fimbo yake akasimama mbele ya kadi yangu kwa muda mrefu.

"Umeandika hapigi pozi," akaniambia.

"Ndiyo, Mzee."

"Mashua ile ameiegemea kwa nini?"

"Ni mashua yake."

"Ni yake, sawa. Lakini pia haitikisiki."

Kisha akanieleza nilichopaswa kukijua kuliko yeyote mle ndani. Kwa kalotaipi, karatasi hupakwa iodidi ya fedha, ikaongezwa nitreti ya fedha na asidi ya galiki ili ishike mwanga, ikawekwa kwenye kamera. Baada ya hapo anayepigwa picha hutulia tuli, kuanzia sehemu ya dakika hadi dakika kadhaa, kwa kadiri ya jua. Mwanga wa ndani ya nyumba haukutosha. Hata zile picha zinazoonekana za sebuleni, zenye viti, vitabu na mapazia, zilipigwa nje, fanicha imebebwa hadi uani. Kichwa kilishikwa na kishikio cha chuma kwa nyuma, mkono ukawekwa kidevuni, kiwiko juu ya meza. Kila kiungo kilitafutiwa pa kutua.

Studio ya baba mdogo, miaka mingi baadaye na kwa filamu ya kasi, ilikuwa na amri moja tu: "Tulia! Usipepese!" Wateja waliokuja wakicheka walitoka kwenye picha kama wamefiwa. Nilikua nikiona hayo kila Jumamosi. Bado niliandika "ustahimilivu".

Siku tatu baadaye yule mama wa ukoo wa wavuvi alikuja na miwani ya kusomea. Alianza na picha ya Willie Liston. Kadi yangu ilisema "mvuvi ameshika kamba". Akasema: huo ni mshipi wa kuvulia samaki, naye hajaushika apigwe picha, anausafisha na kuupanga, neno lao la kale la kazi hiyo limo katika jina la picha tangu zamani. Kisha akauliza kwa nini mtu mwenye jina lake ameitwa "mvuvi". Nikasema sikujua kama ana jina. Akaniongoza kwenye picha ya watatu wamesimama pamoja na kunitajia: Alexander Rutherford, William Ramsay, John Liston. Majina hayo yameandikwa na kuchapishwa mara nyingi, sikuyatafuta tu. Wachungaji niliwatafutia majina kwa sababu nilidhani mchungaji lazima awe na jina.

Akiwa anatoka, akaliangalia bango. "Wamemnyang'anya watoto," akasema, akaenda zake.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikutana jioni ileile, na hatukukubaliana. Mratibu alisema kadi zinapendwa, watu wanazipiga picha kwa simu. Kwa nini tuharibu kinachofanya kazi? Mwanafunzi alitaka tuandike upya kila kitu kwa nadharia ya uanaume ambayo, kusema kweli, mimi sikuielewa. Mzee alitaka kiti.

Kiti ndicho kilichoshinda, kwa sababu hakikugharimu kitu. Tulikiweka karibu na dirisha, saa ya ukutani mbele yake, na karatasi moja: "Kaa. Usitikisike dakika mbili. Kisha tazama ukuta wa tatu tena." Hatukuongeza neno. Mzee alikuwa na hoja yake: ukimwambia mtu kwamba picha ilichukua muda mrefu, ataitikia kwa kichwa na kusonga mbele, ukimkalisha, shingo yake itamwambia mwenyewe.

Uamuzi wa pili ulitokana na mchezo. Mzee alileta kipande cha kioo cha buluu iliyokoza, akakiweka mbele ya lenzi ya kamera yake, akampiga mratibu picha ya nyeupe na nyeusi. Mratibu ni mtu mwenye mashavu mekundu na madoadoa ya jua. Picha ilipotokea, alikuwa baharia wa miaka sabini: kila doa limekuwa giza, kila kunyanzi limekuwa mfereji, na shati lake la buluu limekuwa karibu jeupe. Alicheka, kisha akanyamaza.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa, maana ndilo lililobadili mawazo ya mratibu na si hoja zetu. Kemikali za kalotaipi ziliona mwanga wa buluu na urujuani, na karibu hazikuona wekundu. Ngozi iliyobabuka kwa jua na upepo, yenye damu karibu na uso, ilitoka nyeusi kuliko macho yalivyoiona. Koti la buluu la mvuvi lilitoka hafifu. Mbingu iliungua ikawa nyeupe tupu. Juu ya hayo, nyuzi za karatasi ya negativu, ile picha ya kwanza ambayo nakala huchapwa kutoka kwake, zilimeza mistari midogo, zikaacha mapande ya kivuli na ya mwanga. Watu wa wakati ule waliziona picha hizi wakamtaja Rembrandt. Hill mwenyewe alipenda ukali huo wa karatasi. Kwake ulionekana kama kazi ya mkono wa mtu yenye kasoro zake, na uhai wa picha ulikuwa humo. Kwa hiyo ule uso "uliochongwa na chumvi na upepo" ulichongwa pia na madini ya fedha, na karatasi, na jicho la mchoraji aliyejua Raeburn alivyoangusha mwanga juu ya paji la uso.

Basi tukaamua kubadilisha kadi za ukuta wa tatu zote. Sheria tulizokubaliana zilikuwa mbili tu: jina la mtu kwanza kama linajulikana, na hakuna neno la tabia. Kazi inayofanyika kwenye picha ielezwe kwa neno la wenye kazi. Kichwa "Walivyo" kikashuka. Bango mratibu alikubali kulibadilisha baada ya wiki moja zaidi, alipopata fedha ya uchapaji, watoto walirudi.

Kuna uamuzi mmoja wa mwanzo kabisa ambao ulikuwa sahihi, na nautaja kwa sababu tuliufanya bila kujua kwa nini. Agosti 1845 Hill na Adamson walimpiga picha Kahkewaquonaby, mchungaji wa watu wa Mississauga wa Kanada, ambaye kwa Kiingereza aliitwa Peter Jones. Alikuwa ziarani akichangisha fedha za shule za watu wake. Picha hizo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kale zaidi zilizobaki za mtu wa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini. Zipo alizovaa mavazi ya kwao na zipo alizovaa suti ya mchungaji. Mratibu alitaka ile ya manyoya na ushanga peke yake, inavutia macho. Mimi nilikataa, si kwa hoja ya kitaaluma bali kwa kuwa najua picha za babu zetu zilivyochaguliwa na watu wengine. Tuliweka mbili sambamba, kadi moja. Hakuna ukuta uliozua mazungumzo marefu kama pale, na hatukulazimika kuandika kwamba mavazi ni uchaguzi. Ilionekana.

## Matokeo

Kiti kilifanya kazi. Watu walikaa, wakacheka, wakashindwa, wakarudi kutazama. Niliacha kusikia neno "wakali" kwa wingi niliokuwa nikilisikia wiki ya kwanza. Nikaanza kusikia watu wakitafuta kilichomshikilia mtu: "tazama kiwiko", "tazama huyu amemwegemea mwenzake". Mvulana mmoja alitumia nusu saa akipita picha kwa picha akihesabu mikono iliyokuwa na pa kutua.

Lakini kadi mpya hazikupendwa kama za kwanza. Wageni wawili waliokuwa wamekuja wiki ya kwanza walirudi na jamaa zao na kuuliza maneno mazuri yamekwenda wapi. Mratibu aliniangalia kwa jicho la kusema nilikwambia. Na mama yetu, ambaye tulidhani tumemridhisha, alisoma kadi zote upya akasema: "Sasa mmeandika kama polisi."

## Uchambuzi

Kosa la kadi zangu za kwanza lilikuwa rahisi: niliisoma saa nikadhani nasoma moyo. Sababu yake ni ndefu zaidi kidogo. Ukuta wa kwanza ulikuwa umenipa mwanaume wa Kiskoti aliyejipamba, mwenye tartani, kile kitambaa cha mirabaraba, na bunduki. Nilihitaji kinyume chake, mtu asiye na pambo, na wavuvi wakanitimizia haja hiyo bila kuulizwa. Hill naye alihitaji kitu kama hicho. Mwaka 1844 yeye na Adamson walitangaza mpango wa kitabu cha picha za wavuvi na wanawake wa ghuba ya Forth, ambacho hakikutoka kama kilivyotangazwa. Mvuvi mwadilifu wa kijiji chenye umoja, katika zama ambazo Edinburgh yenyewe ilikuwa imejaa moshi na vichochoro vya watu maskini, lilikuwa wazo lenye wanunuzi. Nililirithi bila kujua kama mtu arithivyo koti.

Mpangilio kwa miaka nao ulichangia kuliko tulivyofikiri. Ukitundika mafuta kwanza na kamera mwisho, mgeni husoma safari ya kutoka uongo kwenda ukweli hata kama kadi zinasema vingine. Lau tungemweka Mchungaji Walker juu ya barafu kando ya mchungaji wa kalotaipi, jambo la ajabu lingeonekana mara moja: mtu aliyechorwa anateleza, mguu hewani, mwepesi kama ndege, aliyepigwa picha amepandwa kama mti. Mchoraji ndiye aliyeweza kuonyesha mwendo. Kamera ya 1843 haikuweza. Katika jambo hilo moja, turubai ndilo lililokuwa karibu zaidi na mwili ulio hai. Tulikuwa na picha zote mbili chumba kimoja kwa wiki sita na hatukuziweka pamoja hata siku moja. Hilo linaniuma kuliko kadi.

Kushikana kwa wanaume kulitugawa hadi mwisho. Katika picha nyingi za makundi, mtu ameweka mkono begani kwa mwenzake, au wameegemeana mabega. Mwanafunzi aliona upendo, namna ya kugusana ambayo wanaume wa Uingereza waliipoteza baadaye. Mzee aliona miguu mitatu ya stendi: watu wawili walioegemeana hutikisika kidogo kuliko mmoja. Mimi nimetoka mahali ambapo wanaume wawili wakishikana mikono barabarani hakuna anayegeuza kichwa, na nilishindwa kuona kwa nini lazima iwe moja kati ya hayo mawili. Mtu akihitaji kuegemea, humwegemea yule anayemruhusu.

Hapo ndipo kilipo kidonda cha kadi mpya. Tulivuka mto tukapitiliza ng'ambo. Tulifuta tabia yote, kana kwamba saa na kemikali zinaeleza kila kitu. Ipo picha ya Hill na Adamson, ya kama mwaka 1844, inayoitwa "Edinburgh Ale": James Ballantine, Daktari George Bell na Hill mwenyewe, glasi za bia mezani. Wamechangamka. Ballantine ana uso wa mtu aliyesikia mzaha sasa hivi. Walikuwa chini ya kemikali ileile na utulivu uleule wa kulazimishwa, na bado waliweza kuushikilia mzaha usoni mpaka karatasi ikaunasa. Kwa hiyo uso mzito wa mchungaji haukuwa amri ya kamera peke yake. Watu hawa walikuwa wametoka kupoteza nyumba zao. Thomas Chalmers, mwenyekiti wa kwanza wa Kanisa Huru, hakuja kilima cha Calton kuonekana mcheshi. Alichagua uso, na kamera ikamtaka aushikilie. Picha hiyo ya bia tulikuwa nayo kwenye kompyuta tangu mwanzo. Iliachwa kwa sababu haikuingia katika kichwa chochote kati ya vitatu.

Kwa mvuvi swali ni gumu zaidi, kwani yeye ndiye asiyejulikana alichagua kiasi gani. Lakini ugumu huo ungeweza kuandikwa. Badala yake tuliandika vipimo, na mama akaona polisi.

Kisha wanawake. Mada ilikuwa wanaume, na tulijificha nyuma ya mada. Ule mshipi wa Liston ulikuwa na ndoana nyingi, na kila ndoana ilihitaji chambo cha kome. Kumenya kome na kutia chambo ilikuwa kazi ya wanawake na watoto wa nyumba. Samaki walipofika, wanawake ndio waliowabeba mgongoni kwa vikapu kuwapandisha Edinburgh na kuwauza. Hill na Adamson waliwapiga picha sana, Jeanie Wilson na Annie Linton wakiwemo, na wengi huziona picha hizo kuwa bora kuliko za wanaume. Hata katika Rock House palikuwa na mwanamke, Jessie Mann, msaidizi wa kazi za picha. Asiyekuwapo na lake halipo: kwa kuwaondoa, tulimfanya mvuvi aonekane mtu anayejitegemea peke yake na bahari. Kumkata Linton watoto kwenye bango hakukuwa ajali ya mratibu. Sisi wote tulikuwa tumeshakata kabla yake. Yeye alitumia mkasi unaoonekana.

Kilichofanikiwa zaidi, nikipima leo, ni vitu viwili visivyo na maneno mengi, yaani kiti na zile picha mbili za Kahkewaquonaby. Kioo cha buluu kilifanikiwa kwa mtu mmoja tu, lakini ndiye aliyeshika fedha. Nadhani pia tulikosea kumwacha mama wa wavuvi aje kama mgeni siku ya tatu wakati alikuwa mwenzetu. Alikuwa kwenye orodha ya kikundi tangu siku ya kwanza. Kazi tuliyompa ilikuwa kutengeneza chai ya ufunguzi.

Ukuta wa kwanza haukuguswa. Muda uliisha, fedha iliisha, na Mzee alirudi kitandani. Kadi ya Glengarry ilibaki kama nilivyoiandika: "Chifu wa mwisho wa namna ya kale." Vazi lake lilipigwa marufuku kwa sheria ya 1746 na kuruhusiwa tena mwaka 1782. Alipochorwa, tartani ilikuwa imeshageuka kuwa fahari ya wenye nafasi. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaondoa wapangaji katika ardhi yake. Nilijua yote hayo. Niliyaacha kwa kuwa kadi ilikuwa fupi na pozi lilikuwa zuri.

Siku ya mwisho kabla ya kuvunja, mgeni kutoka Kanada alisimama pale, akasoma, akaniuliza kwa upole kama najua watu wa bonde la Glengarry walikwenda wapi. Kuna kaunti huko Ontario inaitwa Glengarry. Nilimwambia ndiyo, najua. Akaitazama kadi tena, kisha akaenda kukaa kwenye kiti.